Kibuyu cha Tatu

Linah alikuwa mteja wangu wa kila Ijumaa. Mimi nauza vitabu vya mtumba kando ya soko la Kitale, na yeye anauza mursik, maziwa lala ya kibuyu, hatua ishirini kutoka kwangu. Alitaka aina moja tu ya riwaya: mwanamke ana mkahawa mdogo, anaoka keki, mtu anaanguka amekufa ukurasa wa kumi, na mwanamke huyo anamnasa muuaji kwa kuonja siagi. Mwishoni wanakunywa chai, na maelezo ya kuoka keki yenyewe yamechapishwa hapo nyuma.

"Upuzi mtupu," nilimwambia. "Maiti na keki! Huku kwetu muuaji anajulikana kabla ya mazishi, na bado anapewa kiti cha mbele."

"Si ndiyo maana nasoma, Baba Nduta. Humo mpishi akisema kitu, wanamwamini."

Mwezi wa nne binti yake, Joan, alichumbiwa na kijana wa Mabanga, kule Bungoma. Siku ya kwenda kwa wakwe, Linah alibeba vibuyu vitatu. Kwao kibuyu cha wakwe hakionjwi nyumbani, kinafunguliwa mbele ya wenyeji. Kufika jioni watu tisa walikuwa wanatapika, na baba wa kijana, Mzee Khisa, alikuwa amelazwa, ametundikiwa maji. Siku ya tatu simu ikaja: hakuna harusi, na mama wa msichana aje Jumatatu ajieleze kabla hawajaenda polisi.

Linah alikuja kibandani kwangu na kibuyu kitupu.

"Nusa."

Nikanusa. Maziwa yaliyochacha, moshi, na chini ya moshi harufu ya lami.

"Hicho ni cha tatu," akasema. "Viwili vya kwanza vilienda meza ya akina mama, wote wazima. Hiki kilienda kwa wazee."

"Ulikisugua na mkaa gani?"

Akatazama viatu vyake. Kibuyu cha mursik husuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, na bango la kibanda chake linasema hivyo kwa herufi nyekundu: SENETWET TUPU.

"Mti wangu uliisha tangu Krismasi. Nikachukua mkaa wa gunia, na hiki cha tatu nilikifungulia gunia jipya."

"Gunia la nani?"

Alipomtaja, mzee mmoja wa kanisa hapa Kitale, kichwa kiliniwaka moto. Mimi sisahau. Mwaka wa 2018 nguzo kuukuu za umeme ziling'olewa, zile nyeusi zilizolowa dawa ya mchwa, na mzee huyo akazibeba zote akachome makaa, na hadi leo hazijamwishia. Niliandika barua nne za kumshtaki, kwa chifu na kwa polisi, kwa mkono wangu, mimi wa darasa la saba. Nilisimama barazani. Chifu akasema kuni ni kuni, nami nikalala seli siku mbili kwa uchochezi.

"Tumempata!" nikasema. "Jumatatu tunamtaja mbele ya watu."

"Na bango langu je?"

Hapo sikuwa nimefika. Mimi nilikuwa nimemwona adui yangu tu.

"Sema alikuuzia akikwambia ni senetwet."

"Hakuniambia, Baba Nduta. Sikumuuliza."

Jumatatu tulimkuta Mzee Khisa uani, amejifunika blanketi jua likiwaka, ndugu zake wamemzunguka. Linah hakuketi. Alieleza yote, gunia, nguzo, bango, akamkabidhi kibuyu. Mzee alinusa, akampa nduguye.

"Kwa hivyo hukutaka kuniua," akasema. "Ulitaka tu kunidanganya."

"Ndiyo, mzee."

"Na wale wa Kitale je? Hao umewadanganya tangu lini?"

"Tangu Krismasi."

Mtu mmoja akacheka vibaya. Mzee akainua mkono.

"Harusi itaendelea. Msichana hana makosa. Lakini kwa boma yangu siku hiyo ni soda, mama. Soda pekee."

Tukarudi Kitale, nikapitia kituo cha polisi. Afisa aliandika nusu ya jina la mwenye gunia, kalamu ikasimama. "Ngoja. Si wewe ndiye ule wa barua?" Akafunga kitabu.

Siku iliyofuata Linah alilishusha bango kwa mikono yake. Wateja walishasikia, Bungoma si mbali. Ijumaa alikuja kama kawaida, akapapasa migongo ya vitabu.

"Kuna chenye mpishi ndiye amekosa?"

Nilipekua rundo lote, hata maboksi ya chini. Wapishi wote walikuwa watu safi.

"Hakuna, Mama Joan."

Akavuta stuli yangu, akaketi.

"Basi toa karatasi. Tuandike barua ya tano. Na uanze na kosa langu, bana, si la yule mzee wa gunia. Za kwako nne zilianza na yeye."

Nikatoa kalamu. Neno la kwanza lilichukua muda.