Ile Tunaijua

Kundi la Persis Nyangate lilikuwa la Wasabato watupu: wanafunzi watano wa mwaka wa pili, chuo kimoja mjini Kisii, waliokutana kila jioni kupambana na aljebra ya mistari, zile hesabu za vekta na matriksi. Persis ndiye aliyewaongoza. Walimwita Prof, naye alijifanya halipendi jina hilo, ingawa hata likinong'onwa ng'ambo ya ua alilisikia. Kanisani pia ndiye aliyewafundisha Shule ya Sabato. Basi alikuwa mwalimu wao wiki nzima, na ualimu ulikuwa umeanza kumpanda kichwani.

Kundi lilikuwa na sheria moja isiyojadiliwa. Ijumaa jua likizama, vitabu vya chuo vinafungwa hadi Sabato iishe. Chuo kilipoweka jaribio Jumapili asubuhi ili kufidia wiki za mgomo, darasa zima lilinung'unika. Wao walifunga vitabu kama kawaida, na Persis akaomba sala ndefu kuhusu imani.

Alhamisi alikuwa amewafundisha swali lililowatoa jasho. Unapewa matriksi, unatakiwa uchague safu wima chache zinazotosha kuzaa zile nyingine zote. Unapunguza mistari hatua kwa hatua mpaka zibaki moja na sufuri. "Halafu unachukua safu za hii matriksi ya mwisho," aliwaambia, akizigonga kwa kalamu, "kwa sababu ndizo safi." Joyline Bonareri, rafiki yake wa tangu utoto kule Ekerenyo, aliyaandika maneno hayo vilevile.

Sabato mchana wenzake walikwenda kwaya. Persis alibaki chumbani na wasiwasi wake, na mwishowe akakifungua kitabu. Nitazame tu, alijiambia. Akatazama, akaona. Zile safu safi zinakuonyesha nafasi tu. Safu zenyewe unarudi kuzichukua kwenye matriksi ya mwanzo, kabla hujaichezea. Alikuwa amewalisha wenzake makosa. Uso ulimchoma kama aliyeinamia jiko la kuni.

Sasa utauliza, si angesema tu? Sentensi moja ingetosha. Lakini wangemuuliza amegundua lini, na jibu lilikuwa Sabato. Jioni jua lilipozama walikutana wakaifunga Sabato kwa wimbo na sala, kisha wakatoa vitabu. Joyline akasema, "Persis, hebu turudie ile ya safu. Mimi bado inanichanganya."

"Ile tunaijua," Persis akajibu bila kuinua macho. "Tuendelee na ingine."

Kesho yake, katika chumba cha mtihani, yeye aliandika jibu sahihi. Nyuma yake alisikia kalamu ya Joyline ikienda bila kusita, akajichukia, na bado hakulifuta lake.

Siku ya kurudishiwa karatasi, Daktari Nyangau, mhadhiri wao, alisoma majina manne, la Joyline likiwemo, akazitenga karatasi zao pembeni. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Wanne wenu mmekosea swali la tatu kwa namna moja," alisema. "Hata maneno ni yale yale. 'Kwa sababu ndizo safi.' Hayo hayamo katika kitabu chochote ninachokijua. Mmeibiana mtihani, na majina yenu yanaenda kwa mkuu wa kitivo."

Joyline akasimama. "Hatujaiba, Daktari. Tunasomanga pamoja. Persis alitufundisha vizuri, ni sisi tulimwelewa vibaya. Karatasi yake haimo kati ya hizo, yeye ameipata."

Afadhali angemtukana. Persis alitamani ardhi ipasuke immeze. Miguu ilimsimamisha kabla hajajua atasema nini.

"Walinielewa vizuri," alisema. "Ni mimi niliyewafundisha hivyo. Maneno ni yangu."

Mtu akapiga makofi mawili matatu. Na hapo, amini usiamini, Persis alianza kuonja utamu wa kusifiwa. Prof jasiri. Joyline alikuwa akimtazama kwa macho yaliyojaa shukrani.

Daktari alizirudisha zile karatasi kwenye nyingine. "Basi. Majina hayaendi popote. Lakini niambie jambo moja. Uliwafundisha makosa, halafu wewe ukaandika sawasawa. Uligundua lini?"

Angeweza kusema ni palepale mtihanini. Uongo ulikuwa ulimini, tayari, na kila mtu angeuamini. Kilichomshinda ni yale macho ya Joyline.

"Sabato," alisema. "Mchana."

Wengi darasani hawakuelewa. Wale wanne walielewa, na mmoja mmoja wakageuza nyuso.

Kipindi kilipoisha alimfuata Joyline hadi kwenye veranda. "Nisamehe," alisema. "Nimevunja Sabato, tena mimi ninayewafundisha. Niliona aibu, nikashindwa kuwaambia."

"Hiyo ya Sabato ni yako na Mungu," Joyline akasema polepole. "Mimi nilikuuliza jioni, Persis. Jua lilikuwa limeshazama."

Joyline aliutupa mkoba begani, akaenda walikokuwa wale wenzao watatu, wakaketi kwenye nyasi na kuanza kulisahihisha swali la tatu wenyewe.