Chungu Ambacho Dorika Hakukionja

Wakati huo Mwingereza alikuwa bado anatawala, na Dorika alikuwa bado mgeni katika kijiji cha mumewe, kando ya barabara ya kutoka Njombe kwenda Makambako. Mumewe, Gideoni, alikuwa Makambako na kikosi cha kutengeneza barabara. Kwa hiyo Dorika akapika pombe ya mahindi na kuwaita majirani kwenye mgowe: wamlimie shamba, jioni wanywe.

Walilima kutwa juani bila hata tone la maji, maana nani ajaze tumbo maji na pombe inamsubiri? Jioni wakainywa kwa pupa, viazi wakaviacha vipoe. Kosa la Dorika lilikuwa moja tu. Mpishi wa pombe huonja kwanza mbele ya wageni, waone kwamba haina sumu. Yeye alilelewa Ipelele, katika nyumba ya Walutheri wasioigusa pombe kabisa, akaona haya kuonja. Wanaume hawakumngoja aonje, koo zilikuwa zimekauka.

Asubuhi wote walikuwa chali, vichwa vikiwagonga. Jirani yao, mzee Methusela, alitapika mpaka nyongo. Ndipo wakakumbuka kwamba mpishi hakuonja. Ndivyo ilivyo akili ya mtu anayeumwa kichwa: hakumbuki kiu yake, anatafuta mchawi. Kijijini hapo mwanamke mmoja alishawahi kuchomewa nyumba akiwa ndani, na Dorika alipita karibu na kuta zile nyeusi kila alipokwenda kisimani.

Chungu kimoja kilikuwa kimebaki. Methusela akajikokota hadi mlangoni kwa Dorika, akamsalimu.

"Kamwene, mkamwana. Kunywa na wewe, tuone."

Dorika aliogopa mno. Chungu kililala bila kifuniko. Je, kama kweli kuna mtu aliyetia kitu? Alifumba macho, akanywa mpaka Methusela aliporidhika.

Mama mkwe wake, Ida, akamvuta ndani. Alimpa uji wenye chumvi, kisha maji, kata baada ya kata.

"Pombe inakukojolesha maji yote ya mwilini, mwanangu, ndiyo maana kichwa kinauma," alisema. "Kula, kunywa maji, ulale."

Dorika alitii, na kesho yake akaamka mzima. Kwa furaha akajitwika mtungi kwenda kisimani, na wanaume wakamwona, wakamfuata hadi nyumbani.

"Sisi tulikunywa tukaugua," alisema Methusela. "Yeye kanywa, anachota maji. Kumbe ana kinga yake."

"Nilimpa uji na maji tu, baba," alisema Ida.

"Basi ndimo ulimomtilia hiyo kinga. Tutakuja tena kesho. Tukimkuta hivi hivi, asitulaumu."

 Dorika alikuwa ameelewa jambo moja: uzima wake ndio utakaomuua. Jana alikuwa ameomba asiugue. Sasa alitaka kichwa kimuume, na hakujua kama kitakubali.

"Leo usinipe kitu, mama," alisema. "Hata maji."

Akachukua jembe, akalima juani mpaka midomo ikapasuka. Kisha akaketi uani, watu wote wakimwona, akakinywa kile chungu kilichobaki mpaka kata ikamponyoka mkononi. Ida alimletea uji mara mbili, na mara mbili Dorika akageuza uso. Alilala akiogopa kuamka mzima.

Alipofumbua macho, mwanga wa mlangoni ulimchoma. Kichwa kilitwanga kama mchi kwenye kinu. Akatambaa mpaka uani, akatapika miguuni mwa wanaume waliokuwa wamesimama wakimngoja.

"Kinauma, baba," alisema huku akilia, na kilio kile kilikuwa cha furaha. "Kinaniuma sana."

Methusela alimtazama macho yale mekundu, midomo ile iliyokauka. Kisha akaliweka chini debe la mafuta ya taa alilokuwa amelibeba.

"Mpeni maji," alisema.