Nondo wa Ng'ambo ya Mfereji

Shamba la Wahu huko Kitisuru lilikuwa kipande tu, alichoachiwa na marehemu mumewe, kimebanwa kati ya kuta mbili ndefu za matajiri kama mtoto aliyelala katikati ya wazazi. Nusu yake alilima nyanya, ambazo wapangaji wa maghorofa ya Kileleshwa walizigombania kila Ijumaa. Nusu ya pili alimkodisha Bramwel, mgane kutoka Vihiga, aliyechonga funguo mjini mchana na kulima mboga za managu jioni. Mfereji wa maji ulipita katikati yao, mwembamba hata kuku angeuruka.

Waliheshimiana sana, tena kwa mbali.

"Baba Clifford, habari ya jioni."

"Njema, Mama Mwihaki."

Mazungumzo yao ya mwaka mzima yaliishia hapo, hadi majani ya nyanya yalipoanza kukauka.

Yalianza na michirizi myeupe, kama mtu ameyachora ramani kwa chaki. Kisha yakajikunja. Wahu alikuwa karibu kununua dawa kali na kumwaga popote, lakini akakumbuka kile kitu ambacho bintiye Mwihaki alimwekea kwenye simu wakati wa Pasaka. Unapiga picha ya jani, simu inakwambia mmea unaumwa nini.

Picha ya kwanza ilikuwa ya kidole gumba chake. Simu ikajibu kwa upole kwamba mmea huo haujatambulika. Ya pili ilikuwa ya gambuti lake la mpira. Ya tatu ikapata jani, na sauti ya mwanamke ikaongea kwa Kiswahili cha taarifa ya habari: "Nyanya yako imeshambuliwa na nondo wa nyanya. Viwavi wake wamo ndani ya jani. Ng'oa mimea iliyoathirika na utege nondo. Kagua mimea ya jamii hiyo iliyo karibu, hasa mnavu."

Wahu hakujua mnavu ni nini. Akampigia Mwihaki.

"Ni managu, mum."

Wahu akainua macho. Ng'ambo ya mfereji, managu ya Bramwel yalionekana yamestawi bila haya.

Kesho yake alijipanga. Alikuwa mama wa kanisa, na alijua neno baya huanzishwa mbali. Akauliza habari za mvua, za kazi, za watoto wa Bramwel, hata Bramwel mwenyewe akaweka jembe chini, akijua msiba unakuja.

"Sasa, Baba Clifford, kuna kitu simu yangu imesema."

"Hata yangu imesema," Bramwel akajibu.

Kumbe naye alikuwa na kitu hichohicho. Vijana wa kanisa lake walikuwa wamemwekea. Akabonyeza, na mwanamke yuleyule, kwa adabu ileile, akatangaza kwamba mnavu umeshambuliwa na nondo wa nyanya, na kwamba mkulima akague mimea ya jamii hiyo iliyo karibu, hasa nyanya.

Wahu naye akabonyeza yake. Simu mbili zikashtakiana juu ya maji.

"Huyu mama wa simu ni ndumilakuwili," Bramwel akasema.

Wahu aliona kicheko kikipanda, akakimeza. "Ng'oa tu hizo managu, Baba Clifford, tuishi kwa amani."

"Nitang'oa wewe ukishang'oa nyanya."

Siku hiyo waliachana bila kuagana.

Jumamosi Wahu alishuka mjini kutafuta mitego. Aliingia agroveti moja, duka la pembejeo lenye msongamano, akasukumana hadi kaunta, na aliyekuwa mbele yake, akiwa bado na unga wa shaba wa funguo kwenye mikono ya shati, alikuwa Bramwel. Wakasalimiana kama watu waliokutana msalani.

"Mtego wa nondo wa nyanya," wakasema pamoja.

Msichana wa kaunta akatoa kijiraba kidogo kama kile cha kufutia penseli. "Hii inaning'inizwa juu ya beseni la maji ya sabuni. Iko na harufu ya nondo wa kike. Wanaume wakiisikia wanakuja mbio, wanaanguka ndani."

"Na huyo wa kike mwenyewe ako wapi?" Bramwel akauliza.

"Hayuko. Ni harufu tu."

Bramwel akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Kwa hivyo wanakufa kwa ahadi."

Safari hii kicheko kilimponyoka Wahu, tena kikubwa, hadi watu wa foleni wakageuka. Msichana aliuliza shamba la kila mmoja liko wapi, akasikia, akawatazama kwa zamu. Alisema hakuna faida mmoja kutega na mwingine kulala, kwa sababu nondo hajasoma mkataba wa kukodisha.

Jioni hiyo waliweka mabeseni, moja kwa kila upande wa mfereji. Wahu aling'oa mistari miwili ya nyanya iliyokuwa imeharibika kabisa na kuichimbia chini, na kila jani alilolizika alilionea uchungu. Bramwel alimtazama akifanya hivyo. Halafu akaanza kung'oa managu yaliyokaribia mfereji, na mahali pake akapanda saga, mboga ya mgagani, ambayo nondo huyo hana habari nayo.

Kutoka hapo walikutana kila jioni kuopoa nondo, Wahu na kijiko cha chai, Bramwel na kichungi. Mwanzoni waliongea juu ya nondo tu. Baadaye Bramwel akasimulia habari za wateja wake, kama yule bwana harusi aliyejifungia nje siku ya harusi akiwa na soksi peke yake. Wahu akasimulia kwaya. Saga ilipokomaa, Bramwel alimletea iliyochemshwa na maziwa, ndani ya kibakuli chenye kifuniko. Ilikuwa chungu. Wahu aliila kwa adabu, kisha akaila kwa njaa, na kibakuli alikirudisha na nyanya ndani, maana chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Nyanya za msimu huo zilikuwa chache. Wateja wa Kileleshwa walinung'unika kwamba ni ndogo, lakini zilikuwa safi, na zilikwisha kabla ya saa sita.

Nondo nao walizidi kupungua, hadi jioni moja wote wawili wakainama juu ya mabeseni wasione hata mmoja. Maji yalikuwa meupe kabisa. Wakayatazama kwa muda mrefu, kama watu waliofiwa.

"Leo hakuna," Bramwel akasema.

"Hakuna."

Simu ya Wahu ikalia. Yule mwanamke wa taarifa ya habari alitaka kujua: "Je, tatizo lako limekwisha? Bonyeza ndiyo, au bado."

Wahu akabonyeza bado.

Bramwel aliona. "Mama Mwihaki, si maji ni safi?"

"Hao ni wadudu wajanja, Baba Clifford. Tutaangalia tena kesho."

Bramwel alifikiria jambo hilo kwa makini. Kisha akainua beseni lake, akaenda kubadilisha maji ambayo hayakuhitaji kubadilishwa, huku akipiga mluzi.