Wageni wa Chumba Namba Kumi na Mbili

Nianze kwa kukiri kosa langu. Mara ya kwanza kuisimulia habari hii, kwenye sherehe ya kipaimara pale Endagikot, niliwachekesha watu kwa kusema Mama Patriki alilisha nusu ya Katesh kwa sababu hakujua kadi ya hoteli inafanya kazi gani. Watu walicheka mpaka wali ukapoa. Kumbe nilikuwa namsingizia mtu mzima. Alijua. Kwa hiyo naisimulia upya, na safari hii naisimulia vizuri.

Jina lake la ubatizo ni Rogathe. Analima vitunguu swaumu, na ni mweka hazina wa kikundi chao. Mwanawe Patriki ana kazi nzuri Dodoma, na ni mtoto mwema kupita kiasi. Kaezeka nyumba ya mama, kaweka umeme wa jua, na kila mwezi hela inaingia kwenye simu. Ubaya wake ni mmoja tu: hapokei. Mama akimfungia jogoo, anasema gari litachafuka. Akimpa debe la maharage, anasema hata Dodoma yapo. Mwaka wa tisa huo Rogathe anapokea tu, na kwao mtu anayepokea bila kutoa ni ama mgonjwa ama mtoto. Yeye hakuwa mgonjwa, na meno ya utoto yalimtoka zamani. Alichokuwa anakitaka ni kitu kidogo: mwanawe amwone, hata mara moja, kuwa ni mtu wa kutoa.

Sasa mwezi wa tisa Patriki akamletea zawadi nyingine. Siku mbili kwenye hoteli mpya ya mapumziko, chini ya Mlima Hanang, nje kidogo ya Katesh.

"Upumzike, mama."

"Nipumzike nini, mwanangu, na sijachoka?"

Hakusikilizwa. Ijumaa mchana alishushwa mlangoni na kikapu chake, akapewa kadi ngumu, nyeupe, yenye picha ya mlima.

"Huu ndio ufunguo," Patriki alimwelekeza. "Ukitaka kula, ukitaka kunywa, unawaonyesha hii hii. Wanaandika kwenye chumba chako, namba kumi na mbili. Mimi Jumapili nakuja kulipa. Hela yako usiiguse."

Rogathe akaigeuza kadi pande zote mbili. Ilikuwa nyepesi kama ganda la kitunguu.

"Kwa hiyo mwenye chumba ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Na anayekula kwangu anaandikwa kwangu?"

Patriki akacheka, akaona mama ameanza utani wake. Akawasha gari, akaondoka kwenda kwenye mkutano Singida.

Jioni Rogathe alikaa mezani peke yake, meza ya kutosha watu sita. Akaletewa kuku mzima na chipsi. Alipoinua macho, nje ya kioo kulikuwa na kijana wa watu anamwagilia maua, na macho yake yalikuwa kwa kuku. Rogathe akajaribu kumeza, tonge likagoma. Kwao hakuna mtu anayekula huku mwenzake anamtazama. Chakula cha namna hiyo hakishuki.

Akagonga kioo kwa kidole.

"Shikamoo, mama," yule kijana alisema, mpira wa maji ukiwa bado mkononi.

"Marahaba. Jina lako nani?"

"Gidamis, mama. Natokea Balangdalalu."

"Umekula?"

"Nitakula nyumbani."

"Balangdalalu? Utakula kesho, sema. Funga hayo maji uingie ndani."

Msichana wa mezani, Kissa, mtu wa Mbeya, akasogea haraka. "Mama, samahani. Huyu ni mfanyakazi. Na akila, itaandikwa kwako."

"Kwani nimesema iandikwe kwako? Bei ya kuku ni ngapi?"

Kissa akamtajia. Rogathe akapiga hesabu kichwani, kama anavyopiga hesabu za kikundi. Kwenye simu yake kulikuwa na laki nne na nusu za vitunguu. Hela hiyo ilikuwa na kazi yake, alishachagua mpaka rangi ya mtamba atakayemnunua. Akamfikiria mtamba. Akamtazama Gidamis, alivyosimama na viatu mkononi asichafue sakafu.

"Mletee wake mzima," alisema. "Huyu wangu nimeshamshika."

Akaweka saini, jina lote, mpaka la baba yake.

Hapo ndipo lilipoanzia. Jumamosi ilikuwa siku ya mnada. Asubuhi akina mama watatu wakaleta maziwa getini, Rogathe akasikia wanaongea Kiiraqw. Loo! Salamu za kwao hazina haraka: ng'ombe hawajambo, watoto hawajambo, mvua je, na mjomba aliyevunjika mguu je. Salamu zilipoisha, wote wanne walikuwa wameshakaa karibu na bwawa la kuogelea, wanakunywa chai. Mmoja akatumbukiza vidole majini, akauliza ng'ombe wanaletwa saa ngapi kunywa.

"Humu wanaogelea watu," Rogathe akamjulisha.

"Maji yote haya? Na sisi Juni tunagombania kisima!"

Mchana wakaja walinzi wawili, kwa zamu, maana geti haliachwi. Akaja fundi bomba. Akaja dada wa usafi na wenzake wanne wa jikoni, ambao siku zote wanapika nyama na hawajawahi kukaa chini kuila. Jioni ikapita familia ya watu sita iliyoharibikiwa na gari, nao wakaingizwa. Kila mara Kissa anauliza, "Mama, na hawa?" na kila mara jibu ni lile lile: "Wako kwangu. Lete karatasi niweke saini."

Basi ikafika Jumapili. Patriki akaja na shati lake lililopigwa pasi, akasimama mapokezi, akapewa bili. Akaisoma. Akaigeuza nyuma, labda kuna maelezo.

"Soda arobaini na moja?" aliuliza. "Mama yangu mimi? Mwenye presha?"

"Hakunywa peke yake," Kissa alisema taratibu.

"Mmemwonea! Mtu mzima wa kijijini, hajui kadi ni nini, mnamwandikia watu wa barabarani! Mwiteni meneja!"

Meneja akatoka, Gerald jina lake, mtu mpole mwenye tai. Akasikiliza, akamtazama Kissa kwa jicho baya, kisha akafanya ambacho mameneja hufanya wakiona mteja mwenye gari zuri amekasirika.

"Tusigombane, kaka. Tunafuta. Vya mama mwenyewe mtalipa, vya hao wengine tunafuta vyote. Tutasema tu kwamba mama hakuelewa utaratibu."

"Hapo sawa," Patriki alisema.

"Nani hakuelewa?"

Rogathe alikuwa amesimama nyuma yao na kikapu chake. Hakupaza sauti. Wasichana wa jikoni walikuwa wamechungulia mlangoni, na Gidamis amesimama dirishani.

"Shikamoo, mama," Gerald akaanza.

"Marahaba. Baba, sikiliza. Watu kumi na wanane wamekula kwangu. Wameshiba, wameniombea. Sasa wewe ukifuta hapo, maana yake hawakula kwangu, wamekula chakula cha makosa. Unataka kuwatapisha?"

"Hapana, mama, ni kukusaidia tu."

"Nimesaidiwa miaka tisa. Inatosha. Na huyu binti usimtolee macho, aliniambia bei kabla sijaagiza." Akatoa simu kikapuni. "Nitajie namba ya kulipia, pole pole."

"Mama!" Patriki akamshika mkono. "Hiyo ni hela ya mtamba!"

"Ndiyo. Mtamba wangu."

"Basi niache mimi nilipe. Nina hela, mama."

"Najua unazo. Ungelipa wewe, mwenye wageni ungekuwa wewe. Hawa ni wangu."

Akabonyeza namba moja moja, akaificha ile ya siri kwa mgongo wake. Laki tatu na elfu sitini na nane. Simu ikalia. Kule mlangoni mpishi mmoja akapiga kigelegele, Gerald akajifanya hajasikia. Kissa alitoa risiti kwa mikono miwili, na akapiga goti kidogo, kitu ambacho hakufundishwa hotelini.

Wakaingia garini, wakaipita Katesh yote. Patriki alikuwa anaendesha kama mtu aliye kwenye mtihani. Rogathe ameikunja risiti vizuri, ameiweka kifuani, shingo imenyooka, anawapungia mkono hata watu asiowajua.

"Patriki."

"Naam, mama."

"Naomba kitu. Ukifika ofisini kwako, usiwaambie mama yako alikosea hotelini. Waambie alilisha watu kumi na wanane, akawalipia. Utawaambia?"

Patriki akapunguza mwendo, ng'ombe walikuwa wanavuka barabara. Wakavuka wote. Akabadilisha gia.

"Mwanangu, waambie hivyo hivyo. Tafadhali."