Sala Isiyo na Amina

Mshonaji aliisukuma cherehani yake pembeni ili meza ya watu watano ienee sebuleni. Mama wa mchumba wa binti yake alikuwa anakuja kula nao, na siku hiyo ndiyo mumewe angesema kama harusi ipo au haipo.

Mumewe alikuwa fundi bomba na mzee wa kanisa. Mtaani walimwita Mabehewa, maana sala zake zilikuwa na kichwa kimoja na mabehewa yasiyokwisha. Mgeni, mama wa kijana, alikuwa fundi saa, mjane, Mbudha tangu kuzaliwa.

“Baba, leo usimhubirie mtu mezani,” mshonaji alimwambia. “Omba kimoyomoyo.”

“Sawa, kimoyomoyo. Lakini tukishakula nitasema langu. Kijana asipobatizwa, binti simtoi.”

Binti, aliyekuwa akipanga sahani, aliigonga ya mwisho mezani.

Kumbe kijana naye alikuwa amemfunda mama yake njiani: “Mama, wale wakifumba macho, na wewe fumba. Usifumbue mpaka usikie ‘Amina.’”

Basi wakaketi. Fundi bomba akafumba macho, akaomba, akamaliza yote moyoni, pamoja na Amina yenyewe. Alipofumbua jicho moja alimwona mgeni ametulia, mgongo umenyooka, macho yamefumbwa. Bado yumo salani, akawaza, si adabu kumkatiza. Akafumba tena.

Mshonaji aliyaona yote hayo, akaelewa nusu. Mvuke wa wali ulipungua, kisha ukaisha. Mafuta ya mchuzi yakaanza kuganda ukingoni mwa bakuli. Akitaka kusema neno, anajizuia: akimkatiza mumewe ataonekana hana dini, akimkatiza mgeni ataonekana hana haya. Chini ya meza wachumba walikuwa wakipigana mateke.

Hatimaye tumbo la fundi bomba likanguruma, refu, kama bomba lililoingiwa na hewa.

“Hiyo ndiyo Amina yenyewe?” mgeni akauliza, macho bado yamefumbwa.

Binti alicheka mpaka akashika meza. Fundi bomba alijitahidi kukaza uso, ukamshinda.

“Mimi nilimaliza zamani! Nilikuwa nakungoja wewe.”

“Na mimi nakungoja wewe. Niliambiwa sala zako ni ndefu.”

“Nani kakwambia?” Kijana akainamia sahani yake. “Haya. Na wewe ulikuwa unamwomba nani muda wote huo?”

“Simwombi mtu. Kwetu, kabla ya kula, namkumbuka aliyelima, aliyebeba, aliyepika. Leo nimemkumbuka mkeo mpaka mchuzi ukapoa.”

Mshonaji, aliyekuwa ameshika upawa apakue, akauweka chini. “Jamani! Baba, umeombea chakula changu tangu tuoane. Umeombea mvua, wagonjwa na serikali. Mpishi hujamtaja hata siku moja!”

“Mungu anamjua mpishi.”

“Anamjua, ndiyo. Wewe je?”

Fundi bomba akajikuna kidevu. Alipomgeukia tena mgeni, sauti yake ilikuwa imeshuka. “Nikuulize bila kuficha. Hamwombi Mungu. Binti yangu akija kwenu, mtamwachisha kanisa?”

“Hapana,” alisema fundi saa. “Sitakudanganya kwamba tunaamini mamoja, hatuamini. Lakini akienda kanisani nitamsindikiza hadi mlangoni, na akirudi atakuta chakula. Na wewe je, mwanangu utambatiza kwa nguvu?”

Binti alimtazama baba yake bila kupepesa.

“Ubatizo wa nguvu si ubatizo,” alisema mzee polepole, kama anayelipima kila neno. “Nilikuwa na sharti. Nimelichunguza sasa hivi, nikaona ni la hofu yangu, si la Mungu. Nitamwombea kijana, hilo sitaacha.”

“Mwombee sana, ni mvivu wa kuamka,” mgeni akasema.

“Mama!” kijana akalalamika.

Fundi bomba akavuta bakuli, akampakulia mgeni kwanza, nyama iliyonona.

“Kula, mkwe,” alisema. “Kimepoa, lakini mpishi wake ni hodari.”

Binti alikuwa keshamrukia baba yake shingoni.