Mtaa Ulioota Juu ya Samaki

Kila jioni, akishafunga cherehani yake mtaa wa Gisimenti na kurudi nyumbani Kinyinya, Raihana huvua viatu mlangoni, husalimia, kisha huwapa samaki chakula: kiasi cha kubana kwa vidole viwili, basi. Aliyemfundisha ni Gerald, Mtanzania wa ghorofa ya chini, aliyemwachia tangi lile la kioo alipohamishwa kikazi kurudi Mwanza. Gerald alikuwa mtu wa ofisini, mwingi wa maelekezo, na hata sato wake wadogo aliwaaga kwa hotuba.

"Sikiliza, dada," alisema. "Samaki wanachafua maji, lakini huo uchafu ni mbolea. Pampu inapandisha maji kwenye hili beseni la kokoto hapa juu, mboga zinakula uchafu, maji yanashuka masafi. Samaki anamlisha mboga, mboga anamwogesha samaki. Ila kokoto lazima zikomae. Kuna vidudu humo vinavyofanya kazi yote, havionekani kwa macho, na haviji kwa siku moja."

Kokoto zilizokomaa zilikuwepo. Mama yake Raihana, Bi Mukandekezi, alikuwa na gunia zima chini ya kitanda. Walipohamishwa kutoka bondeni, chini ya kilima cha Muhima, kila mtu alibeba alichokithamini. Wengine waling'oa milango, wengine mabati. Yeye alizoa kokoto za uani kwake, zilizonyweshwa maji ya kuoshea mchele na maji ya udhu maisha yake yote ya ndoa. Majirani walimcheka. Kampuni iliyochukua bonde ilikuwa imesema kuondoka ni kwa muda tu, nyumba mpya zikisimama kila mtu atarudi mahali pake, na mama alitaka arudi na uwanja wake. Bonde likazungushiwa uzio wa mabati wenye picha ya maghorofa na watoto wanaocheka. Halikujengwa kitu. Picha ikapauka hadi watoto wakabaki meno matupu.

Tangu hapo mama alikuwa akipungua. Chakula alikionja tu, akashinda dirishani ghorofa ya tatu akiutazama mji, na ukimuuliza anaumwa nini anakwambia haumwi, ila hajafika. Raihana aliogopa. Alikwisha kuona wazee wawili wa bondeni wakiisha hivyohivyo, kwa adabu, bila kumsumbua mtu. Tangi alilichukua ili mama apate kitu cha kuangalia.

Walimwaga kokoto kwenye beseni, wakapanda nanaa na dodo, ule mchicha wa kwao. Maji hayakuwasumbua hata kidogo. Nanaa iliota, dodo ikaota, na katikati ya dodo ukaota ukuta.

Ulikuwa ukuta wa matope, urefu wake kama kiberiti kilichosimamishwa, na juu yake bati lenye kutu upande mmoja. Raihana alipeleka mkono aung'oe kama magugu mengine.

"Yewe, acha!" mama akamshika. "Hiyo ni nyumba ya Daphrose. Mimi najua ile kutu yake."

Baada ya ukuta ulifuata mtaa. Liliota duka la Ngabo na dirisha lake, likaota bomba la maji na foleni ya madumu, ukaota msikiti mdogo ambao adhana yake ilisikika vizuri redio ikizimwa. Nyumba yao wenyewe ilichelewa, ikatokea chini ya nanaa, mlango wake wa buluu umeegeshwa. Wakati wa magharibi moshi wa mkaa ulipanda hadi kwenye taa ya dari. Raihana alikuwa amekisahau kicheko cha akina mama bombani. Alipokisikia kikitoka kwenye beseni alikaa chini akalia, akanawa uso, akaenda kupika. Jioni ile mama alimaliza sahani.

Habari haikawii. Majirani wa zamani walianza kuja Jumapili kutoka huko walikotawanyikia, wakainama juu ya beseni, kila mmoja akatafuta kwake. Daphrose alitazama, akasonya.

"Gata yangu ya maji ya mvua iko imevunjika mpaka leo," alisema. "Mana yanjye, Mungu wangu, hata hapa hakuna mtu anatengeneza?"

Mkono mtupu haulambwi, na watu wa bondeni wanajua kutembea. Walileta sukari ya mwenyeji, na kwa kuwa si uungwana kumsahau mwenyeji mwingine, walileta na cha samaki: mkate, wali, makombo ya chapati. Kila mmoja alitia chake kimyakimya, akiamini ni yeye peke yake aliyewakumbuka. Raihana aliwapokea kwa shukrani. Utamwambiaje mtu mzima kwamba ukarimu wake unaua?

Maji yakawa meupe kama maziwa. Sato walipanda juu kuhema, dodo ikageuka manjano, na mtaani mle kwenye beseni watu wakaanza kukohoa. Bati la Daphrose lilibonyea katikati. Mama, aliyekuwa ameanza kuimba asubuhi, alirudi kwenye kiti chake cha dirishani, na sahani ikarudi jikoni ilivyokwenda.

Ngabo ndiye aliyekuja na dawa. Alikuwa mtu asiyekosa umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mitaa, hata siku moja, na aliingia Jumamosi akitoka kufyeka mtaro, brashi mkononi, sabuni ya unga mfukoni.

"Uchafu ni uchafu," alisema. "Toa kokoto zote tusugue, ziwe nyeupe pee!"

Raihana alisimama mbele ya tangi. Haikuwa rahisi, maana Ngabo alimjua tangu akibebwa mgongoni. "Hapana, baba yangu. Uhai wote umo kwenye huo uchafu wa kokoto. Ukizisugua kwa sabuni, umetuhamisha mara ya pili."

Ngabo aliitazama brashi. Kisha akaliangalia duka lake mle kwenye beseni, ambamo taa ilikuwa inawaka, akaenda kunawa mikono.

Raihana aliokota makombo kwa chujio la chai. Alipunguza maji kidogo kidogo, akaongeza mengine yaliyolala kwenye ndoo bila kifuniko, akawafungisha samaki wasile kwa siku kadhaa. Wageni aliwaambia walete miche badala ya mkate. Maji yakarudi. Kikohozi kikaisha mtaani, na mama akaomba chai ya nanaa.

Ijumaa moja mama alivaa kitenge chake kizuri, akasema ugeni umetosha, anakwenda nyumbani. Raihana alimuuliza kama amechukua dawa za presha. Alikuwa amechukua. Basi alimshika mkono apande kwenye kiti, na mama akakanyaga kati ya nanaa kwa mguu mmoja. Alipouondoa wa pili kwenye kiti alikuwa ameshakuwa mdogo hata anaenea chini ya jani. Alishuka kilima taratibu, akasalimia bombani, akausukuma mlango wa buluu. Raihana alihisi uchungu na furaha kwa pamoja, akaviacha vyote viwili vikae.

Wakawa wanaishi hivyo. Asubuhi Raihana aliamshwa na ufagio wa mama uani. Aliwahi kumteremshia punje ya pilau, mama akaigawa nyumba kwa nyumba. Alinenepa. Na Raihana alizidi kuwa mkali na samaki, kwa sababu sasa maji yale yalikuwa ni afya ya mama.

Juzi, alipoinama kuwalisha, aliona wanaume mtaani aliokuwa hajawaona. Walivaa fulana za kung'aa na walibeba kopo la rangi nyekundu. Hawakutoka nje, walikuwa wameota kwenye kokoto zilezile, kama wengine. Walipaka msalaba kwenye ukuta wa Daphrose, wakapaka dukani, wakapaka kwenye mlango wa buluu. Mtu wa bondeni haambiwi maana ya msalaba huo: nyumba itabomolewa. Raihana alimbana mmoja kwa vidole akamtoa. Wawili wakatokea nyuma ya dodo na kopo jingine.

"Mama," aliita, "wanasema nini hao?"

Mama alitoka mlangoni, akakinga jua kwa mkono.

"Humura, usiogope, mwanangu. Vijana wana heshima sana. Wanasema iko kwa muda tu, halafu tunarudi."

Raihana aliinama tena juu ya tangi. Aliwapa samaki chakula chao. Kisha akaingia chumbani, akalibeba godoro la mama, lisilolaliwa tangu aondoke, akalitoa roshani kulianika kabla jua halijazama.