Mkono wa Mzee Dirishani

Gari lilikuwa jekundu, na hilo ilibidi uambiwe, maana kwa kuliangalia tu usingejua. Jua lilikuwa limelilamba boneti na paa mpaka likabaki na rangi ya pipi iliyotemwa na mtoto, na ukipitisha kidole, kidole kilirudi na unga mweupe kama vile umetoka kufuta ubao wa darasani. Lilikaa uani mbele ya dirisha la jikoni, limeinama upande mmoja kwa tairi kuishiwa upepo. Mwenyewe alikuwa amekufa, na tangu azikwe hakuna aliyelimwagia hata kopo la maji.

Mwenyewe huyo alikuwa fundi wa vyerehani. Alizunguka mji mzima na vyerehani vya watu kwenye buti, na popote alipokwenda aliendesha kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikaa dirishani, kiwiko nje, shati la mikono mirefu, liwe jua au yawe manyunyu. Askari wa barabarani walimwonya mpaka wakachoka, wakaishia kumpungia. Basi miaka nenda miaka rudi lile shati likawa linausugua mlango pale chini ya kioo, kidogo kidogo, na gari zima lilipopauka, pale pakabaki pekundu, pakiteleza, urefu wa mkono wa mtu kuanzia kiwiko hadi vidole.

Mke wake alikuwa analiita gari hilo mke mwenza. "Mke mwenzangu kaamkaje leo?" aliuliza kila asubuhi akimimina chai.

"Anakohoa kidogo," mzee alijibu, "lakini ananisikiliza kuliko wewe."

Na watacheka hao, utadhani ndiyo kwanza utani umetungwa! Watoto wao wawili wa kike walikulia kwenye utani huo huo mpaka wakaukinai. Leo wangetoa chochote wausikie tena.

Binti mkubwa mtaa mzima ulimwita Msusi, kwa kuwa alikuwa na kibanda cha kusuka nywele pale kwenye kona, na kicheko chake kilisikika hadi kona ya pili. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani na mama. Kitindamimba alikuwa amechumbiwa wakati mzee yu hai, na mzee alikuwa ameapa kwamba binti huyo hatapanda gari la kukodi siku ya harusi yake. "Nitampeleka mwenyewe," alisema, "na nitaendesha polepole mpaka bwana harusi aingiwe na wasiwasi." Kisha moyo wake ukasimama akiwa chini ya meza ya mteja, bisibisi mkononi, na habari ikaishia hapo.

Mama hakuvuka geti tena. Mwanzoni watu walisema ni msiba, atazoea. Sokoni alituma, kwa majirani hakwenda, waliokuja kumjulia hali aliwapa kiti na kuwaacha waongee wenyewe. Alipoulizwa kuhusu harusi alisema, "Nendeni nyinyi, mimi nitawaombea." Kitindamimba akilia, mama anamfuta machozi, lakini neno lake halibadiliki. Msusi alibembeleza, akakasirika, akanuna, akarudi kubembeleza. Wapi!

Kitu kimoja tu mama alikuwa anakifanya nje ya nyumba. Kila kulipopambazuka, Msusi akiwa jikoni anawasha jiko, alimwona kupitia dirishani. Mama alitoka na mtandio wake, akaliendea gari, akasimama penye mlango wa dereva akiupangusa kwa ncha ya mtandio. Anapangusa, anatulia, anapangusa tena, halafu anarudi ndani kimya. Msusi roho ilimuuma. Alijiambia: maskini mama yangu, anaona aibu. Gari la mumewe limechakaa mbele ya macho ya watu na hana nguvu ya kuliosha, anaishia kufuta pale anapofikia.

Hivyo ndivyo alivyoelewa, na angeelewaje vingine? Kuuliza hakuuliza. Katika nyumba ile tangu msiba kila mtu alikuwa anamhurumia mwenzake kwa kunyamaza.

Sasa jioni moja, wanachambua mchele, mama akasema bila hata kuinua macho, "Nitakwenda."

"Wapi, mama?"

"Harusini. Ila nitakwenda na mke mwenzangu. Gari la mtu mwingine sipandi."

Msusi aliweka ungo chini. Ulikuwa utani wa kwanza kutoka kinywani mwa mama tangu mazishi, na ulimwingia mpaka machozi yakamlengalenga. Usiku ule alijipangia mambo kichwani. Mama amekubali kutoka. Mama anatoka na gari la baba. Basi gari lisimwaibishe! Litang'aa mpaka watu washike vichwa, na mama ataketi ndani yake kama malkia. Alimwambia mdogo wake, wakakumbatiana, wakakubaliana mama asiambiwe kitu.

Akatia upepo tairi, akaazima betri, akamdanganya mama kwamba anakwenda kuangaliziwa injini.

Mama alisimama mlangoni. "Utalirudisha lini?"

"Keshokutwa, mama."

"Usilichelewishe," alisema mama, na akabaki amesimama pale mpaka gari lilipokata kona.

Fundi rangi aliitwa Taratibu, na jina hilo hakupewa bure. Alilizunguka gari huku anasonya kwa upole, akapiga magoti, akainuka, akazunguka tena.

"Bibie," alisema, "hili limepauka kuliko visigino vyangu."

"Utaliweza au hutaliweza?"

"Nitaliweza. Rangi za zamani hizi hazina vanishi juu, ni rangi tupu mpaka chini. Iliyokufa ni hii ya juu tu. Tukiiondoa, chini yake wekundu upo." Akafika kwenye mlango wa dereva, akapapasa chini ya kioo. "Hebu njoo. Hapa nani alikuwa anapapaka mafuta?"

"Huo ni mkono wa baba," alisema Msusi. "Ndivyo alivyokuwa anaendesha."

Taratibu alivua kofia, akajikuna kichwa. "Basi mzee katuachia sampuli. Nakuahidi, gari lote litakuwa kama hapa."

Na hapo ndipo Msusi moyo ulipomjaa. Lote kama pale! Hakukubali kukaa kwenye benchi. Alifunga kibwebwe, wakaliosha gari kwa sabuni, wakabandika karatasi kwenye mipira ya vioo, kisha Taratibu akampa kitambaa laini na dawa ya kusugulia na kumwonyesha: duara ndogo ndogo, usikandamize, ukichoka pumzika. Kitambaa kilitoka chekundu. Cha pili chekundu. Akaingiwa na hofu kwamba wanalimaliza gari, Taratibu akamcheka, akamwambia hiyo ni ngozi iliyokufa tu. Kwenye boneti wekundu ukaanza kuchomoza, mbivu, ule aliouona akiwa mtoto anapandishwa siti ya nyuma na miguu haifiki chini. Msusi alisugua huku analia na huku anaimba. Alijiona kama anamwita baba yake, anaanzia pale kwenye kiwiko na anamtandaza gari zima.

Taratibu alipofika kwenye mlango wa dereva aliinua kitambaa. "Hapa penyewe pazima. Nipapitie, au nipaache?"

Msusi hakufikiri hata kidogo. "Pitia, fundi. Lisije likawa na kiraka."

Akapapitia. Akamaliza kwa nta, mlango mzima, juu mpaka chini.

Gari lilirudi saa za alasiri, na mtaa ulitoka. Jamani, lile gari! Mwenye duka aliacha mizani, watoto wakawa wanajitazama kwenye milango wakitoa ndimi, na kitindamimba alipiga makofi akirukaruka kama hajui ni bibi harusi mtarajiwa. Msusi alipiga honi. "Mama! Mama, njoo uone mke mwenzio alivyorudi!"

Mama alitoka akijifuta mikono. Aliona, akasimama. Kila mtu alikuwa anatabasamu akimngojea yeye. Kisha akashuka kizingiti akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva, na akaweka kiganja chini ya kioo.

Kiganja kikateleza. Akakipeleka mbele mpaka kwenye kioo cha pembeni, pakateleza. Akakirudisha nyuma mpaka kwenye kitasa, pakateleza vilevile. Akainama, akatazama kwa karibu, pua inakaribia kugusa bati. Akaanza kupapasa upya, haraka haraka, juu, chini, kama mtu aliyedondosha pini kwenye zulia. Tabasamu la watu likaanza kupungua.

"Mama, vipi?" aliuliza Msusi.

"Uko wapi?"

"Nini, mama?"

"Mkono wa baba yako."

Hapo hapo Msusi alielewa yote, zile alfajiri, ule mtandio, ile kutulia katikati ya kupangusa. Lakini mdomo ulikuwa umeshatangulia na furaha yake ya mchana kutwa. "Upo, mama. Lote sasa liko vile. Lote ni kama pale."

"Lote," alisema mama.

"Ndiyo, mama."

"Mimi sikuwa nalitaka lote," alisema mama.

Hakugomba, na bora angegomba. Alijiweka sawa mtandio, akawashukuru majirani kwa kuja, akaingia ndani.

Kesho yake Msusi alimrudia Taratibu mbio. Alimwomba jambo ambalo akili zake timamu zisingemruhusu kuliomba: alirudishe gari kama lilivyokuwa. Taratibu alimsikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

"Kulichakaza naweza, bibie," alisema. "Nikiliacha juani litajichakaza lenyewe. Lakini pale sina la kufanya. Ule mkono tuliuona kwa sababu kwingine kote kulikuwa kumekufa. Mimi siwezi kuuchora, hata wewe hujui ulianzia wapi ukaishia wapi." Akaongeza kwa huzuni ya kweli, "Nilikuuliza, dada yangu." Msusi alijua kwamba aliulizwa.

Asubuhi ya harusi mama alivaa. Wanawe walimkuta sebuleni amevaa gauni jipya na viatu vya kufunga, mkoba mapajani, na wote wawili walitazamana bila kuthubutu kufurahi. Aliwashika mikono kutoka nje. Kitindamimba alikaa nyuma na gauni lake lote, Msusi akashika usukani, mama akafunguliwa mlango wa mbele, upande wa abiria, akaingia, mlango ukafungwa. Msusi akawasha. Injini ilikohoa kidogo, ikashika.

"Subiri," alisema mama.

Walisubiri. Mama alikuwa amejikaza kisabuni, shingo imesimama, anatazama mbele. Mikono yake ilikuwa imeukumbatia mkoba.

"Nilikuwa nimepanga," alisema, "kabla sijapanda nimshike pale. Nimwambie, haya baba watoto, mtoto huyo, twende ukampeleke. Kila siku nilikuwa namwamkia pale. Kulikuwa na siku anakuwa wa moto, jua likiwahi. Nikikaa humu sasa naona tunakwenda tumemwacha. Siwezi, wanangu. Nimejaribu."

"Mama, tafadhali," alisema kitindamimba.

Mama aligeuka, akamshika shavu. "Dada yako atakuwa nami kila siku, wewe ndiye unayeondoka. Nenda uolewe vizuri. Usigeuke nyuma kwa ajili yangu." Kisha akamgeukia Msusi, na Msusi hakuweza kumtazama. "Na wewe hukukosea kitu. Mimi ndiye sikusema. Gari zuri, mwanangu. Angelipenda."

Akafungua mlango, akashuka polepole kwa ajili ya vile viatu, akaufunga bila kuubamiza. Akaingia ndani na gauni lake jipya, na pazia la sebuleni likashushwa.

Msusi alitoa gari getini. Mtaani watu walisimama kuwapungia, mwenye duka akapiga kelele, "Hongereni! Rangi gani hiyo, wallahi!" na Msusi akainua mkono kumjibu, maana angefanya nini. Siti ya pembeni yake ilikuwa wazi. Walikwenda hivyo mpaka wakaiacha mitaa yao.

"Dada," alisema kitindamimba kutoka nyuma. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi Msusi. "Kwa nini ulilisugua?"

Msusi alibadilisha gia.

"Nilitaka mama aje," alisema.